Pamoja na Mkate

Agosti 16, 1535. Jumatatu.

Meya Diebold Ganser amekuja mwenyewe nyumbani asubuhi hii, hakutuma mtu, nikajua kuna jambo zito. Alikaa karibu na jiko, akakataa bia, akasema wakuu wa Muungano, watawala waliojitenga na Papa kama sisi, wamejibu. Wako tayari kuulinda mji wetu Kaisari akija na majeshi kuturudisha kwa Papa. Sharti lao ni moja: wachungaji wote wa Rebenau wakiri imani moja kuhusu Chakula cha Bwana, na watie sahihi kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Martin, Novemba 11. Kwa sasa, alisema, mji mmoja una makanisa mawili na kila moja linafundisha lake. Nani atamwaga damu yake kwa ajili ya watu wasiojua wanachoamini?

Nilimwambia wanajua. Sisi wa Kanisa la Juu tunaamini Kristo yupo kweli mkate unapotolewa. Kaspar Imgraben na watu wake wa Kanisa la Chini wanaamini mkate ni mkate, na tunaumega ili tumkumbuke.

"Basi mmoja wenu anajua vibaya," Meya akasema. "Muulize shemeji yako kama ni yeye."

Kaspar ni kaka yake Otilia, mke wangu. Mji mzima unaona jambo hili linachekesha, isipokuwa sisi watatu.

Kazi ya kuyaandika maneno ya mapatano nimepewa mimi. Sitajidai sikufurahi. Miaka yote hii nimefundisha kwamba umoja huja baada ya kukubaliana, hauji kabla. Watu wanaokula meza moja huku kila mmoja ana lake moyoni wanadanganyana. Lipatikane kwanza neno sahihi, kisha viti vitajipanga vyenyewe.

Agosti 19.

Mvua. Nimeandika, nimefuta.

Agosti 24.

Tumeshinda mizabibuni, mimi na Kaspar, tukipunguza majani ili zabibu zipate jua. Shamba hili baba mkwe aliwaachia Otilia na Kaspar kwa pamoja, hawakuligawa, kwa hiyo kila mwaka wachungaji wawili wasiopeana mkate kanisani wanabebeana vikapu kwenye mteremko mmoja. Kaspar ni mwepesi wa mikono. Mimi nilizaliwa kwa mshona viatu na bado inaonekana.

"Shemeji, hilo si jani, hicho ni kichwa cha mzabibu," alinijulisha kutoka safu ya pili. "Ukiendelea hivyo mwakani tutakunywa maji, na hayo hayana ubishi."

Nilimweleza habari ya Meya. Aliendelea kukata. Mwishoni akasema ataweka sahihi kwenye neno lolote ambalo halimlazimishi kusema uongo. Nilimjibu kwamba hilo ndilo ninalolitafuta. Akasema hapana, mimi natafuta neno la kumfanya aamini kama mimi, na hivyo ni vitu viwili.

Nilikasirika kwa sababu ilikuwa kweli.

Septemba 3.

Nadhani nimelipata. Wa Saksonia, wanaouongoza Muungano, wanataka tuseme mwili wa Bwana umo ndani ya mkate. Kaspar anataka tuseme ni ukumbusho tu. Nimeandika: Mwili wa kweli wa Bwana unatolewa pamoja na mkate. "Pamoja na." Anayeamini umo ndani atalikubali, kwa kuwa kilicho ndani kiko pamoja. Na yule anayeamini kwamba kinywa kinakula mkate wakati huohuo roho inamla Kristo kwa imani, naye atalikubali.

Kwa mara ya kwanza nimejiuliza kama neno zuri ni lile linalobana au lile lenye nafasi. Mwezi uliopita ningemwadhibu mwanafunzi ambaye angeniuliza swali hilo.

Septemba 5. Jumapili.

Nimehubiri juu ya subira. Watu wamelala.

Septemba 12. Jumapili.

Baada ya ibada tulikwenda kula kwa Kaspar. Verena, mkewe, ana mimba kubwa na anacheka kila kitu. Tulikula kabichi chachu na nyama ya nguruwe ya kukaushwa kwa moshi. Kaspar aliisoma karatasi yangu akiwa amesimama dirishani, akairudia, akairudia tena.

"Neno lako hili ni kama lile joho la marehemu baba," akasema. "Mimi naliingia, wewe unaliingia, hata Verena na tumbo lake angeingia."

"Sasa lalamiko ni lipi?"

"Sijui kama ndani ya joho tutakuwa tumekumbatiana au tumefichana."

Verena alimwambia aache kuchambua nguo aje kwenye nyama. Tulipokuwa tukiondoka Kaspar alinisindikiza mpaka kwenye daraja, jambo ambalo hajalifanya tangu tulipogombana mbele ya baraza miaka ile, na akasema ataweka sahihi. Otilia alinishika mkono njia nzima. Nilitembea kama mtu aliyekunywa divai mpya.

Septemba 18.

Mjumbe wa Muungano amefika kutoka Saksonia: Mwalimu Ambros Tettelbach, mwanateolojia. Nilijiandaa kukutana na simba. Ni mtu mdogo, mpole, anaumwa meno na amefunga kitambaa shavuni. Agnes, binti yetu, amemchemshia maua ya babunaji kutuliza maumivu, naye amemshukuru kama mtu wa nyumbani.

Septemba 20.

Tettelbach amesoma maneno yangu. Aliyasifu, kisha akaomba nimwambie yana maana gani. Nilipoanza kueleza akainua mkono kwa upole.

"Mchungaji Wendelin, nimekaa na watu wengi wakikata roho. Anayekufa haulizi habari za 'pamoja na'. Anauliza: Bwana yupo hapa au hayupo? Wewe utamjibu nini?"

Nilisema ningemjibu yupo.

"Na shemeji yako angemjibu nini?"

Sikuwa na jibu ambalo halingemchongea Kaspar. Mwalimu hakutabasamu kwa ushindi. Alisema tu kwamba lazima iongezwe sentensi moja ili isiwe tumepatana kwa kufichana: kwamba mwili huo hupokelewa na kila alaye, hata asiyeamini. Niliomba tuseme "hata asiyestahili", maana asiyestahili anaweza kuwa na imani dhaifu, na Kaspar angeweza kuishi na hilo. Alilifikiria kwa haki kabisa. Akakataa.

Septemba 23.

Nimeikubali sentensi na kutia sahihi. Nimejiambia ni kwa ajili ya usalama wa mji, na pia kwamba ndicho ninachoamini, au karibu.

Kaspar amekataa. Hakupandisha sauti. Alisema asiyeamini hapokei chochote isipokuwa mkate, na kwamba akiandika vinginevyo atakuwa anamfanya Kristo kitu cha kumezwa na mtu yeyote apitaye. "Nilisogea mpaka mwisho wa ardhi yangu, shemeji. Ulikuwa unaniona. Halafu ukasogeza mpaka."

Nilimwita mkaidi. Nilimwambia watoto wa mji huu watachinjwa kwa sababu ya neno moja lake. Akasema ni neno moja langu.

Septemba 26. Jumapili.

Nimeyasoma mapatano mimbarini na kanisa lote limesimama. Kisha nimehubiri kwa nguvu kuliko nilivyowahi. Nimesema umoja una mlango, mlango ndio maneno haya, na asiyeyakiri si ndugu yetu, hata awe anaishi mtaa mmoja nasi. Wazee wa kanisa wamenishika mkono mlangoni. Lienhart, msimamizi wa mtambo wa mji wa kukamulia zabibu, mtu mkubwa asiye na maneno mengi, alikuwa na machozi. Alisema sasa ameelewa.

Septemba 27.

Otilia hasemi nami. Jioni alipokuwa akimenya vitunguu nilimuuliza kuna nini.

"Baba Agnes, jana umesema kaka yangu si ndugu yako."

"Nimesema asiyekiri."

"Kuna mwingine asiyekiri?"

Akaendelea kumenya.

Septemba 30.

Mvua. Ukungu unapanda kutoka Rhine na hauondoki. Otilia amekwenda kuangalia zabibu, amerudi na kichala kilichoanza kuoza upande mmoja.

Oktoba 2.

Mvua.

Oktoba 4.

Mvua. Tettelbach ameng'olewa jino na kinyozi. Kaspar ametuma mtu kusema tuvune kesho, mvua iwepo isiwepo, la sivyo hakutabaki kitu.

Oktoba 5.

Tumevuna kwenye tope. Kaspar safu ya kushoto, mimi ya kulia, Otilia katikati akitenga zilizooza. Hakuna aliyesema neno tangu asubuhi isipokuwa yeye, na yeye alikuwa akisema na vikapu.

Oktoba 6.

Tumemaliza. Mgongo hauninyooki.

Oktoba 9. Jumamosi.

Lazima niandike hili kwa mpangilio, ingawa kichwa changu hakina mpangilio.

Mtambo wa kukamulia ni wa mji mzima na watu huenda kwa zamu. Kwa mvua hii kila mtu amevuna siku zilezile, foleni ya mikokoteni imefika hadi sokoni, na zabibu zinazosubiri zinaharibika. Mzee Jost Kübler, mtengenezaji wa mapipa, mzee wa Kanisa la Chini, alikuwa na zamu yake asubuhi hii. Ni mtu wa mzaha, ndiye aliyetengeneza mapipa ya arusi yangu na akanidai wimbo tu kama malipo. Zamu ilipofika Lienhart alimwambia arudi nyuma, watu wa mapatano watangulie, kwa sababu hatachanganya divai ya ndugu na ya wasioamini. Jost alidhani anatania. Alipoona hatanii akamjibu, mbele ya watu wote, kwamba kama Bwana wa Lienhart anakaa ndani ya mkate kama funza, basi amwambie atoke amshikie Jost foleni, aende kukojoa.

Watu walicheka. Hata wa kwangu walicheka, nimeambiwa.

Lienhart alichomoa mti wa kuzungushia mtambo na kumpiga kichwani.

Nilifika baadaye kidogo. Jost alikuwa amelazwa juu ya magunia, anapumua kwa kukoroma. Mkewe Barbel amempakata kichwa na kumfuta maji ya zabibu usoni. Nilipiga magoti nikaanza kusali. Barbel aliniangalia, akanigeuzia bega kama unavyomkinga mtoto na upepo. Niliacha sala katikati. Kaspar alikuja akikimbia, akanipita.

Oktoba 11.

Jost amefariki asubuhi.

Oktoba 12.

Nimekwenda mnarani alikofungwa Lienhart. Nilikwenda nikiwa na hasira tayari mdomoni. Nilimkuta ameketi kwenye nyasi kavu, mikono yake mikubwa juu ya magoti, ameinamisha kichwa. Alisimama kwa heshima.

"Mchungaji, wewe ulisema si ndugu zetu."

"Sikusema uwapige."

"Hukusema," alikubali. "Lakini ningempiga ndugu?"

Hakuwa akijitetea. Alikuwa anataka nimwonyeshe mahali alipokosea njia, kama nilivyomwonyesha katika katekisimu, na alinisubiri. Nimesoma Kiebrania na Kigiriki. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaja kunitoa.

Oktoba 13.

Kaspar amemzika Jost. Nilisimama nje ya uzio wa makaburi mvuani. Otilia aliingia ndani na kusimama karibu na Verena.

Oktoba 17. Jumapili.

Nimewaambia Kanisa la Juu kwamba Jumapili ile nilisema vibaya. Kwamba maneno ya mapatano niliyaandika mimi, nayo ni kazi ya mtu aliyekuwa akitafuta njia, na mtu anayepotea ndani ya maneno hayo bado ni ndugu. Nilidhani italeta machozi kama mara ya kwanza. Walikaa kama mawe. Mlangoni mzee mmoja alisema kwa upole kwamba huenda nimechoka na mavuno.

Oktoba 18.

Nimejaribu kuandika ninachoamini sasa, kwa kuwa si kile nilichoamini Agosti. Bado naamini Kristo yupo kweli. Bado nadhani Kaspar amekosea, na si kosa dogo. Lakini nilifikiri mafundisho ni msingi na watu ni nyumba juu yake. Nimeona watu wakikaa nje kwenye mvua, wakisubiri nimalize msingi.

Halafu nikapata njia ya pili, ya neno lenye nafasi, na nikaona ni hekima. Nayo haikufaa, kwa sababu nilitaka neno lifanye kazi ambayo mimi na Kaspar tulipaswa kuifanya wenyewe: kuambiana tofauti zetu waziwazi na kubaki mezani.

Lakini swali la Tettelbach halijaniacha. Yule anayekata roho anataka jibu. Sitaki umoja wa watu walioamua kwamba kweli haina maana.

Oktoba 22. Ijumaa.

Baraza limeketi. Meya alisema damu imemwagika kwa sababu ya mgawanyiko, kwa hiyo mgawanyiko ukome. Kaspar aweke sahihi au aondoke mjini kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Martin.

Kaspar alisimama akasema hawezi. Nilimwona amezeeka ghafla.

Niliomba kusema. Niliwaambia damu haikumwagika kwa sababu ya mgawanyiko. Makanisa haya mawili yamekaa kando kando miaka mingi na watu wakaazimana hata mikokoteni. Ilimwagika nilipowaambia watu wangu kwamba kutokubaliana kunawaondolea undugu. Nikaomba ile sentensi ya mwisho iondolewe, tuwaandikie wakuu kwamba mji huu una wachungaji wawili wanaomkiri Kristo mmoja na wanaobishana juu ya jinsi anavyotujia, na kwamba tutaendelea kubishana kama watu wa nyumba moja.

"Na wakuu wakisema basi hatuwalindi?" Meya aliuliza.

"Basi tutakuwa hatuna ulinzi."

Kulikuwa na minong'ono. Siwalaumu. Meya ana wajukuu, nami sikuwa na jeshi la kumpa.

Tettelbach aliposimama, shavu limepungua uvimbe sasa, alizungumza bila ukali. Alisema anamheshimu mchungaji Kaspar kuliko wengi walioweka sahihi, kwa kuwa yeye angalau ameyasoma maneno. Lakini mji unaoshindwa kusema kile kinachopokelewa na kinywa chake hautaweza kusema kwa nini unastahimili kuzingirwa. Nilimsikiliza na nikajua kwamba miezi miwili iliyopita hotuba ile ningeitoa mimi, na kwamba yeye aliitoa vizuri zaidi.

Wamepiga kura. Kaspar anaondoka.

Kesi ya Lienhart imesikilizwa baada ya hapo. Kwa kuwa alichokozwa na maneno ya kufuru, hatauawa. Naye amehukumiwa kufukuzwa mjini.

Oktoba 23.

Hukumu moja. Otilia ameirudia mara nyingi leo akifua: hukumu moja.

Oktoba 29.

Verena amejifungua mtoto wa kike kabla ya wakati. Wote wazima. Kaspar amembatiza kwa jina la Otilia.

Novemba 4.

Meya alinisimamisha barabarani. Amesikia nina nia ya kwenda Kanisa la Chini Jumapili, Kaspar atakapoandaa Chakula cha Bwana kwa mara ya mwisho. Aliniomba nisiende. Alisema Tettelbach analazimika kuwaandikia wakuu kila anachokiona, na mchungaji mkuu wa mji kula meza moja na aliyefukuzwa ni kama kuyachana mapatano mbele yao. Aliniita kwa jina langu la utoto, Wendel, maana tulisoma pamoja. Nilimwambia nitafikiri. Nilikuwa nimeshafikiri.

Novemba 7. Jumapili.

Mhubiri msaidizi amechukua ibada ya Kanisa la Juu. Mimi na Otilia tumevuka daraja.

Kanisa la Chini halina altare. Kuna meza ya mbao katikati, mikate ya kawaida kutoka kwa mwokaji, na vikombe vya mbao. Watu hukaa. Mkate hautolewi na mchungaji. Unawekwa kwenye sahani, sahani inapita toka mkono hadi mkono, kila mtu anamega na kumpa jirani. Nimeandika dhidi ya utaratibu huu. Niliuita wa kihanithi, nadhani, au wa kihuni, neno lingine la namna hiyo.

Tulipoingia watu waligeuka. Nafasi ilikuwa moja tu, kwenye benchi la nyuma, na aliyekuwa pembeni yake ni Barbel, mjane wa Jost. Ningeweza kusimama. Otilia alijibana kando ya Verena upande wa pili, na mimi nikaketi pale. Barbel hakugeuza kichwa.

Kaspar alihubiri kidogo. Hakutaja baraza, hakunitaja. Aliinua mkate akasema maneno ya Bwana, yale yale nisemayo mimi, na kwa mara ya kwanza niliyasikia bila kusikiliza ninakoweza kumpinga. Kisha akaongeza, kama kawaida yake, kwamba tunafanya hivi kwa ukumbusho. Nilitikisa kichwa hapo. Sikuweza kujizuia. Aliniona nikitikisa, na nusura acheke.

Sahani zikaanza kupita. Ya benchi letu ilikuja polepole kutoka kushoto. Barbel aliipokea. Akamega chake, akala. Kisha akabaki ameishika magotini kwa mikono yote miwili.

Hakuna aliyesogea. Kaspar mbele alikuwa amesimama na hakusema neno, na nadhani alifanya vyema. Niliangalia ule mkate. Sikufikiria ndani wala pamoja. Nilifikiri kwamba kama Barbel ataipeleka sahani mbele bila kunipa, atakuwa na haki, na itanilazimu niinuke niende nyumbani.

"Mume wangu alikupenda," Barbel akasema, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumza dukani. "Alikuwa akisema wewe ni mjinga, lakini alikupenda."

"Nisamehe, mama."

"Hilo sijaliweza bado." Alitazama mkate. "Unaamini kama sisi?"

"Hapana."

"Umekuja kufanya nini, basi?"

Nilimwambia nimekuja kwa kuwa mwenye meza ni mmoja, na sikujua mahali pengine pa kumkuta pamoja nao. Sina hakika kama nilisema vizuri. Nilikuwa nimeandaa sentensi bora zaidi.

Kisha aliisogeza sahani kwenye magoti yangu, hakuniangalia, na akaendelea kuishikilia upande mmoja mpaka nilipokwisha kumega.

Novemba 9.

Kaspar na familia wameondoka kuelekea Basel, mtoto akiwa amefungwa kwenye manyoya ya kondoo. Nilisaidia kupakia mkokoteni. Alipokwisha kukaza kamba alikaa kando yangu kwenye gogo.

"Bado umekosea, shemeji," akasema.

"Na wewe."

"Nitakuandikia nikuonyeshe wapi."

"Ukiandika, andika wazi. Mwandiko wako ni wa kuku."

Alinikumbatia, jambo ambalo watu wa ukoo wao hawafanyi, na akapanda. Otilia alitembea kando ya gurudumu mpaka langoni na kupita lango. Alirudi jioni na matope mpaka magotini, akala, akalala.

Lienhart alitolewa saa hiyo hiyo kwa lango la kaskazini. Nilikwenda kumuaga naye. Nilimwambia alipokosea njia ni pale alipoanza kunifuata mimi. Alisema atalifikiria.

Novemba 15.

Baraza limenivua nafasi ya mchungaji wa Kanisa la Juu. Tettelbach atashika mimbari mpaka apatikane mwingine. Alikuja mwenyewe kunieleza, kofia mkononi. Kumbe alikuwa amewaomba wanipe onyo tu.

"Wewe ni mtu mwema," aliniambia, "na nadhani umeufungua mlango usiojua kuufunga. Baada ya wewe atakuja mtu atakayesema hata Kristo mwenyewe si lazima."

Nilimwambia na mimi naliogopa hilo. Nikamuuliza kuhusu meno. Tuliagana vizuri.

Novemba 18.

Tumehamia kwenye nyumba ndogo ya mizabibuni. Bomba la moshi linarudisha moshi ndani. Agnes anakohoa.

Novemba 19.

Meya amemwona Otilia sokoni akavuka upande wa pili.

Novemba 23.

Barbel amekuja. Nilimkaribisha kiti, akakataa, akasimama mlangoni na kilemba chake kimelowa. Alisema Kanisa la Chini halina mtu. Kila mchungaji anayepelekwa anatakiwa atie sahihi, na watu hawatamsikiliza aliyetia sahihi. Kuna mtoto hajabatizwa, na mzee mmoja wa mtaa wa watengeneza ngozi yuko mahututi. Meya anajua. Amesema hatauliza nani anaingia mle mradi asiambiwe.

Nilimkumbusha kwamba sahihi yangu ipo kwenye yale maneno.

"Tunajua."

"Na nikihubiri juu ya Chakula cha Bwana nitahubiri ninavyoamini. Sitawaficha."

"Usitufiche. Sisi nasi hatutakuficha." Akajifunga kilemba upya. "Wengine hawakutaki. Nimekuja niwe nimekwambia."

Nilimuuliza yeye je.

Alisema mgonjwa wa mtaa wa watengeneza ngozi hatafika Ijumaa, kama naweza niende leo.

Nilikwenda. Mzee aliniuliza kama Bwana yupo. Nilimwambia yupo. Hakuuliza yupo wapi.

Novemba 28. Jumapili ya kwanza ya Majilio.

Theluji ya kwanza. Nimehubiri Kanisa la Chini. Mabenchi nusu yalikuwa wazi, na watu wengine waliingia wakasikiliza kidogo wakatoka bila kuficha mlio wa viatu. Sauti yangu imezoea kanisa kubwa, nilikuwa napiga kelele.

Baada ya ibada hawakwenda nyumbani. Walinizunguka mlangoni, watengeneza ngozi na wachukuzi na mwokaji aliyeoka ule mkate, wakanipinga neno kwa neno, wakinukuu Maandiko, baadhi kwa usahihi. Mwokaji alisema hotuba yangu ilikuwa nzuri mpaka katikati. Nilimjibu. Akanijibu. Otilia alichoka kusubiri akaenda kumsaidia Barbel kufunga madirisha. Tulibishana mpaka theluji ikajaa kwenye kofia zetu, hakuna aliyemshawishi mwenzake, na mwishowe baridi ikatushinda.

Mwokaji alikung'uta kofia yake. Aliniambia Jumapili ijayo nije mapema kidogo, ili tuanze tukiwa na joto.